Zile shu zilikuwa za nani?

Wandugu wasomi, leo nataka kukosoa. Si kitabu wala filamu, ni wazo. Ni lile wazo ambalo kila mwaka linarudi kati yetu tuliosoma agronomia, na kwa wenzetu wa informatika na wa usimamizi pia. Mnunuzi wa Goma anafungua simu, anachagua shu, karoti, puaro na viazi-ulaya vya Masisi, anabonyeza, na kesho yake motari anamletea vyote mlangoni. Mkulima anapata bei nzuri, mnunuzi anakula mboga zilizotoka shambani jana, na katikati yao kijana mwenye lisansi anapata kazi.

Nimekaa mu mikutano mitatu kusikiliza wazo hili likielezwa ku ukuta na projekta. Mara ya nne, aliyesimama mbele kulieleza alikuwa mimi. Kwa hiyo sikosoi kama adui. Nakosoa kama mtu aliyeamini, akajaribu, na akabaki na deni kwa mama mmoja wa Sake.

Nianze na mahali penyewe, juu wengine wanaosoma hapa hawajafika. Sake iko kilometa 25 hivi magharibi ya Goma, pale barabara zinagawanyika. Moja inapanda Mushaki kuelekea Masisi na Walikale, moja inaenda Kitchanga, na nyingine inafuata ziwa kuelekea Minova na Bukavu. Ziwa Kivu liko metre 1,460 juu ya bahari, na milima ya Masisi inapita 2,000. Njo maana kule juu kuna baridi ya kutosha kwa viazi-ulaya, shu, karoti, maziwa na fromaji, na huku chini kuna ndizi, mihogo na nyanya. Vyote vikienda Goma, vingi vinapita Sake.

Kosa la kwanza la lile wazo letu ni kusema kwamba hapa hakuna mpango wa komande, sisi njo tutauleta. Kuko mpango, na ni wa zamani kuliko lisansi zetu.

Jioni, mama anayeuza ku soko ya Virunga, mu Goma, anapigia simu mama wa Sake: "Kesho uniletee mifuko mbili ya karoti na mashu, lakini zisikuwe za kidogo-kidogo." Mama wa Sake anajua ni nani kule juu amechimba karoti leo, na shu za nani zimefunga vizuri. Anapiga simu mbili-tatu. Asubuhi mzigo unateremka na Fuso, ao na moto, ao na chukudu. Bei waliyokubaliana jana usiku wanaizungumza tena wakiona mzigo kwa macho. Malipo yanakuja kisha kuuza, na deni linaandikwa mu kaye, ao mu kichwa.

Hiyo ni komande kamili. Haina picha, lakini ina kitu ambacho programu zetu hazina: watu wawili wanaojuana. Mmoja akidanganya, juma linalofuata hapati mzigo ao hapati feza.

Sisemi mpango wa wamama hauna kasoro. Mkulima wa mlimani mara nyingi anajua bei ya mwisho kisha mboga zake kuuzwa, wakati hawezi tena kukataa. Mfuko unajazwa mpaka unavimba, unaongezewa nyasi na kamba juu, na bado unahesabiwa mfuko moja. Deni la kichwa linasahaulika, na mara nyingi anayesahau ni yule mwenye kudaiwa. Asiye na inite ku simu anasikia habari za bei wa mwisho. Hizi kasoro ni za kweli, na ingekuwa vizuri sisi tuliosoma tuzishughulikie. Lakini ku ile mikutano sikusikia mtu akizitaja. Nilisikia sentensi moja tu: "Tutaondoa watu wa katikati."

Watu wa katikati ni nani? Tuseme kweli. Wengi wetu tulilipiwa minervali na mtu wa katikati. Alikuwa anaamka usiku, anapanda juu ya mifuko ya viazi, anarudi jioni na feza ya kaye na ya sare. Leo tunasimama na projekta kuonyesha namna ya kumwondoa, kisha tunajiweka pale pale alipokuwa.

Kosa la pili ni kunakili nusu. Wazo la kuagiza mboga moja kwa moja kwa mkulima halikuzaliwa kwetu, na si aibu kulichukua kwa wengine. Tujue tu tulichukua nini na tuliacha nini.

Mu Japani, tangu miaka ya 1970, familia za mjini zilianza kupatana na wakulima kwa mpango unaoitwa teikei. Mu Ufaransa, mwaka 2001, ku shamba la Les Olivades, Ollioules, karibu na mji wa Toulon, kulianza AMAP ya kwanza. Familia zinafanya mkataba na mkulima kwa musimu mzima, zinalipa mbele, na kila juma zinapokea kikapu cha kile shamba limetoa. Mvua ya mawe ikipiga, kikapu kinakuwa chepesi, na mlaji anavumilia pamoja na mkulima. Hiyo njo sharti ya kuingia.

Kuanzia 2011, tena Ufaransa, ikaja La Ruche qui dit Oui!. Pale komande inafanywa ku intaneti, halafu wanunuzi na wakulima wanakutana mara moja kwa juma kuchukua mizigo. Mkulima njo anaweka bei yake, na anasema pia kiasi cha chini: komande zikiwa chini ya hapo, hasumbuki kuleta kitu.

Karibu na sisi, mu Nairobi, Twiga Foods ilianza 2014 na ndizi. Mama mboga alikuwa anaagiza kwa simu, kampuni ilikuwa inanunua kwa wakulima, inaweka mu depo, inamfikishia ku kibanda. Ilipata feza nyingi ya wawekezaji, magari na vijana wenye akili. Hata hivyo mwaka 2023 ililazimika kupunguza wafanyakazi wengi. Na Nairobi ina lami.

Ukiangalia vizuri, kila mmoja wao alijibu swali moja: mzigo ukipotea, hasara ni ya nani? Ku AMAP, mlaji anabeba sehemu yake. Ku La Ruche, mkulima anajikinga kwa kuweka kiasi chake mbele ya kutoka nyumbani. Ku Twiga, kampuni ilinunua, kwa hiyo uzito uliikalia kampuni, mpaka nayo ikausikia. Sisi tulichukua picha ya kikapu, orodha na kitufe cha kubonyeza. Lile swali hatukulibeba.

Sasa niseme yangu.

Mwezi wa kumi na mbili 2023 nilifungua kundi la WhatsApp. Wanunuzi walikuwa 31, karibu wote wasomi kama sisi, wakaaji wa Himbi, Katindo na Ndosho. Jumanne naweka orodha, kila mtu anaandika anachotaka, Alhamisi mzigo unafika. Mwenye kukusanya ku Sake alikuwa mama mmoja, rafiki ya mama yangu tangu niko mtoto. Njia ya kupanda milimani ilikuwa tayari ngumu juu ya vita, kwa hiyo alikusanya ku mashamba ya karibu. Sifa kubwa niliyotangaza ilikuwa hii: "Unalipa ukiona mzigo." Niliona ni ujanja mzuri wa biashara, na kweli ulivuta watu.

Majuma saba yalienda vizuri. Watu walituma picha za sufuria zao. Nilibakiza dola chache kila Alhamisi, na nikaanza kuongea kama mtu aliyepata jibu la matatizo ya inchi.

Juma la kwanza la mwezi wa pili 2024, komande ilikuwa kubwa kuliko zote: shu 64, karoti mifuko mbili, na puaro. Yule mama aliweka feza yake yote, na sehemu nyingine alichukua kwa deni kwa wakulima wawili. Mzigo ukawa tayari mu nyumba yake. Halafu vita vikafika. Mabomu yakaanza kuanguka mu Sake, na watu wakatoka kwa maelfu kufuata barabara ya Goma, na vitunga, na magodoro, na mbuzi. Yeye alitoka na watoto na sufuria. Shu zilibaki.

Mu kundi watu waliandika "Pole sana", waliandika "Tuwaombee", waliweka mikono ya kusali. Kisha mmoja akauliza: "Kwa hiyo komande yangu imefutwa, ndiyo?" Nikajibu: "Ndiyo, imefutwa." Nilijibu bila kufikiri. Hakuna aliyekuwa amelipa, kwa hiyo hakuna aliyenidai. Kwa upande wa Goma jambo lilikwisha pale.

Nilimpata yule mama kisha majuma mawili, mu kambi ya Bulengo. Alinipokea vizuri, akanitafutia kibidoni cha kukalia. Wale wakulima wawili wenye kumdai walikuwa wamekimbilia mu kambi ile ile, hema yao inaonekana kutoka ku yake. Kila asubuhi walikuwa wanakutana ku foleni ya maji. Aliniambia hivi, bila kupandisha sauti:

"Mutoto yangu, vita sikuileta miye, na weye haukuileta. Lakini unielezee kitu kimoja, juu weye ulisoma. Zile shu zilikuwa za nani? Kama zilikuwa zangu, mbona mulikuwa mumeziagiza? Na kama zilikuwa zenu, mbona deni ni yangu?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi Goma nikaandikia wanunuzi wote 31 nikieleza deni ni dola 47, nikaomba kila mtu alete kidogo. Tisa walituma kitu ku simu. Mmoja alinifundisha kwamba biashara ni kubahatisha. Waliobaki walisoma, alama mbili za rangi ya bluu nikaziona, na walinyamaza. Dola zilizobaki nilizilipa mimi kidogo-kidogo mpaka mwezi wa nane. Sisemi hivyo ili munisifu. Nilipaswa kulipa siku ya kwanza, na nilichelewa juu nilikuwa na haya na juu sikuwa nazo.

Tangu pale, mradi wowote wa komande ya mboga ukipita mbele yangu, nausoma na maswali matatu.

La kwanza: nani anatoa feza kwanza? Ku mpango wetu mwingi, mwenye kutoa ni yule mwenye kidogo kuliko wote. Mkulima ametoa mbegu na mgongo wake. Mama ametoa feza ya kukusanya. Motari ametoa esansi. Mwenye mshahara wa kila mwezi njo anangoja aone mzigo. Tunaita hiyo kumlinda mteja. Sawa, lakini ni kinga ya mtu aliye na paa, analindwa na mtu aliye njiani.

La pili: nani anaandika orodha? Hapa naongea kama agronoma. Ku miradi yetu orodha inaanza na hamu ya mnunuzi: nataka nyanya, nataka lengalenga, nataka karoti nyoofu kama za picha. Lakini mboga zote hazina pumzi sawa. Lengalenga ikichumwa asubuhi, kesho imelegea. Shu ikiachiwa majani ya inje na ikiwekwa kivulini inaweza kungoja siku kadhaa. Nyanya ichumwe ikianza tu kubadilika rangi, isafiri mu sanduku, si mu mfuko. Viazi-ulaya vinakaa majuma, ilimradi visipigwe na mwangaza vikageuka kijani. Orodha yenye akili ingeanza shambani: juma hili kuko nini, na je, kinaweza kungoja siku mbili njia ikiharibika? Mu musimu mbaya, orodha inaweza kuwa na viazi, shu na maharagi peke yake. Mnunuzi ambaye hawezi kukubali hayo hataki mboga za hapa. Anataka duka kubwa lenye friji, na jina la Masisi likibandikwa juu.

Tena vipimo. Programu inadai kilo. Sisi tunauza kwa mfuko, kitunga na fungu. Badala ya kumcheka mama asiye na mizani, tungemnunulia mizani. Ingesaidia hata yule mkulima anayepunjwa ku mfuko uliovimba. Naamini mizani moja ku Sake ingefanya kazi kubwa kuliko programu tatu mu Goma.

La tatu: barabara ikifungwa, inakuwa je? Kwetu hili si jambo la kuandika mwisho wa karatasi kwa herufi ndogo. Mwaka 2024, barabara ya Sake kwenda Minova ilipokatwa, chakula kiliingia ziwani. Mboga, ndizi na maharagi vilipanda mashua pamoja na watu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na kufika, mbele ya bandari ya Kituku, watu wakiona kutoka ku nchi kavu. Walikufa watu wengi, na kati ya waliosafiri njia ile kila siku walikuwa wachuuzi wanaolisha Goma. Basi nikisoma mu mradi maneno "tutatumia njia mbadala", nauliza: njia gani, na nani atapanda? Siku nyingine jibu la heshima ni kusema juma hili hakuna mzigo, kaeni na maharagi yenu. Na kama hakuna mzigo, aliyekwisha kukusanya alipwe.

Mutaniuliza: na weye sasa unafanya nini? Kidogo sana. Watu wa Sake walirudi 2025 kisha makambi kubomolewa. Wengi walikuta nyumba bila mabati na mashamba yenye majani marefu. Yule mama naye alirudi. Tulianza tena na familia 12, si 31. Jumatatu yeye ananiambia kuko nini, siyo mimi ninamwambia nataka nini. Kila familia inalipa nusu mbele, ku simu ao mu mkono, juu benki za Goma zilifunga milango mwezi wa kwanza 2025 na feza ya kushika ikawa ngumu. Ku kila komande tunakata sehemu ndogo inaenda mu kisanduku, kama likelemba, na kaye yake inakaa kwake, si kwangu. Mzigo ukipotea, kisanduku kinalipa waliokusanya. Kikikosa kutosha, ile nusu ya mbele hairudi kwa mnunuzi. Familia zote zilisikia hilo mbele ya kuingia. Familia nne zilisikia zikakataa.

Mpango huu nao nauona kasoro zake. Mwenye kuweza kulipa nusu mbele ni mwenye mshahara, kwa hiyo maskini wa Goma hayumo, anaendelea kununua fungu ku njia. Kisanduku kinaweza kubeba komande moja iliyooza, hakiwezi kubeba vita. Mimi bado niko mtu wa katikati, tena mwenye kujua kidogo kuliko yule niliyetaka kumwondoa. Na familia 12 haziwezi kubadilisha bei ya karoti ya mtu hata mmoja kule mlimani. Kama kuko mwenzetu aliyeona namna ya kuvuka hapo, aandike, nitamsoma kwa hamu.

Ila mwenye kuleta tena ile picha ya simu, kikapu na motari, asianze na rangi za programu. Aanze na ukurasa mmoja unaosema hasara ni ya nani. Kama ukurasa ule haupo, najua tayari jibu lake, juu nililiona Bulengo likiwa limekaa karibu na hema ya wenye kumdai.

Jana jioni yule mama alinipigia. Zamani neno lake la kwanza lilikuwa "Wanataka shu ngapi?" Siku hizi anauliza kwanza: "Wamelipa?" Nikamwambia wamelipa tisa, tunangoja watatu. Akasema sawa, basi kesho atakusanya za tisa.